Siku Shemeji Alipokalia Magunia

Vijana wa hapa Izia huniuliza mashine za kupuria ulezi zilitoka wapi. Nikiwaambia zilitoka kwa shemeji yangu, wanacheka. Mmoja kaniambia zilikuja na Wachina wa reli. Mwingine, huyo ana digrii, kasema zililetwa na wamisionari. Basi naandika. Darasa la tatu ndipo nilipoishia, na kalamu nimeizoea ukubwani, kwenye kisomo. Lakini karakana hii ya mikokoteni na mashine, ambayo vijana hao hao huja kuomba kazi, haikujengwa na mwenye digrii. Nimeijenga mimi. Na ninachokijua juu ya chuma nilikijua kwa shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, mtu ambaye katika maisha yake yote nilimwona amekaa chini mara moja tu.

Sisemi kwa mfano. Alikula amesimama, bakuli mkononi, huku akizunguka nyumba. Kanisani alisimama nyuma, akisukuma na kurudisha mlango taratibu kusikia bawaba inalia wapi. Ukimpa kigoda, alikigeuza juu chini kuangalia kilivyochongwa, kisha anakurudishia. Dada alizoea kusema, "Wengine wameolewa na mume, mimi nimeolewa na upepo." Na mnajua upepo wa Ufipa ulivyo. Hauna pa kushika, unakuja tangu asubuhi, unakupiga masikioni mpaka unasahau ulikuwa unawaza nini.

Babu yake aliyeyusha chuma kwenye yale matanuri marefu ya udongo ambayo mabaki yake bado yamesimama porini kama vichuguu. Baba yake hakuyeyusha tena. Majembe ya dukani yalikuwa yamekwisha kuja, akabaki kufua vyuma chakavu. Shemeji mwenyewe alipelekwa misheni kusoma katekisimu. Huko akaona mzee anavuta kamba ya kengele kila siku, akaona ni ujinga, akafunga ubao wa kukanyaga kwa mguu ili mtu apige kengele huku mikono yake ikifanya kazi nyingine. Padri alifurahi sana. Kisha mbuzi akaukanyaga ule ubao mchana wa jua kali, kijiji kizima kikaacha majembe kikaja mbio kikidhani kuna msiba. Shemeji akarudishwa nyumbani, na katekisimu ikaishia hapo.

Akatengeneza breki ya mkokoteni, ya kigogo kinachobana gurudumu mkishuka mlima, ng'ombe wasivunjwe miguu. Akatengeneza mtego wa panya unaojitega wenyewe upya. Watu walitoka Msanzi, walitoka Kaengesa, wengine kwa miguu, kuja kumwona tu. Wakifika wanamkuta ameacha kile walichokuja kukiona, ameshika kingine. Sifa hazikumtuliza. Zilimwasha.

Tulipoambiwa tuhamie kijijini, nyumba zipangwe mstari kando ya barabara, kila kaya ilipewa nafasi kwenye lori. Shemeji alipakia kwanza fuawe lake, jiwe zito ajabu, kisha mivukuto ya kupulizia moto, kisha mabati chakavu, na lori likajaa. Kitanda kikabaki. Dada alilala chini mwaka ule wa kwanza na hakumwacha asahau. Akija mgeni, "Karibu, keti. Kitanda chetu ni lile jiwe pale."

Kijijini tulilima shamba la ujamaa, na mwaka ninaousema ulezi ulikubali kuliko miaka yote. Aliyewahi kupura ulezi anajua. Mnayakata masuke kwa kisu, mnayarundika, kisha mnayapiga kwa fimbo kwenye uwanja uliosiribwa kwa mavi ya ng'ombe, vumbi linawasha shingoni, mikono inavimba. Wanawake walipanga mistari miwili wakapiga kwa zamu, pa, pa, pa, kutwa nzima, huku wakiimba matusi ya kutusema sisi wanaume. Shemeji alikuwa anapita huku na huku pembeni ya uwanja, mikono nyuma.

"Una nini wewe?" nikamuuliza.

"Hizo fimbo zinanipiga mimi."

"Basi shika na wewe upige."

"Shemeji, ng'ombe ndiye anayepigwa na kuendelea. Mtu akipigwa anatafuta njia."

Kesho yake akaja kunichukua. Mimi wakati huo nilikuwa fundi seremala wa mikokoteni, mtu mzima mwenye mke, si wa kuitwaitwa hovyo. Lakini nilikwenda. Nikamchongea gogo la mninga likawa duara safi kama pipa. Yeye akakata springi za lori lililokuwa limefia kando ya barabara, akazichonga meno, akayapigilia kwenye gogo safu kwa safu. Akafunga pedali na mnyororo wa baiskeli. Mtu mmoja anakanyaga, mwingine analisha masuke, punje zinamwagika chini na makapi upepo unayachukua wenyewe. Punje za ulezi ni ndogo mno, zilikuwa zikipita na suke lake, kwa hiyo akaweka kitako cha chuma chini ya gogo, akayabana meno karibu nacho, akabana tena, mpaka hakuna kilichopita bila kupurwa.

Siku ya kwanza wanawake walisimama na fimbo zao mkononi wasijue wazipeleke wapi. Ulezi uliotoka ulikuwa haujawahi kuonekana. Mwekundu, msafi, unang'aa kama shanga. Watu waliuchota wakaumwaga, wakauchota wakaumwaga, kwa raha tu. Na hapo watu wakafanya jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Ule wa fimbo, wenye vumbi, wakaupeleka jikoni uliwe. Ule wa kung'aa wakauweka kuwa mbegu. Nani apande kibaya ale kizuri? Hata mimi niliweka wa kung'aa.

Bwana Shamba alikuwa kijana wa upande wa Mbeya, mchapakazi, namsifu, alivaa kofia ya pama iliyokuwa ikipeperuka kila siku na kila siku akiikimbiza. Alipouona ulezi ule, aliikamata kofia yake kwa mikono miwili.

"Fundi, hii inakwenda maonyesho ya Saba Saba mjini. Na ulezi huu hatuuli. Tunapeleka magunia, mkubwa wa mkoa agawe mbegu kwa vijiji vingine."

"Peleka," shemeji akasema, na hapo hapo akaanza kuzunguka mashine yake akitafuta cha kurekebisha.

Mwenyekiti wa kijiji akakubali, mkutano ukapiga makofi. Dada akasema atapika pombe ya kumuaga mume wake. Dada ndiye aliyekuwa mpishi wa pombe kijijini, na kwa ulimi hakushindwa na mtu. Akachukua ule wa kung'aa, akauloweka, akauchuja, akauweka kwenye kikapu karibu na jiko, akaufunika majani na gunia uote uwe kimea. Kimea hakikuota. Kikatoa harufu ya uji uliolala.

Majirani wakaanza. Eti nyumba ile ina ugomvi, kimea hakioti penye ugomvi. Dada akawajibu kutoka mlangoni kwake, "Nyumba hii ina ugomvi tangu nimeolewa, na pombe yangu mmeilewa tangu nimeolewa." Akaingia ndani. Safari hii akaloweka vikapu viwili. Kimoja wa mashine, kimoja wa fimbo, aliouomba kwa mwanamke mmoja ambaye hakuwa amefikiwa na zamu ya mashine. Akaviweka bega kwa bega, jiko moja, gunia moja. Ulipofika wakati wake akaniita nije nione. Kimoja kilikuwa kimefuma mizizi mpaka ukikiinua kinainuka kama mkeka. Kingine maji tu.

"Mdogo wangu, unaona ninachokiona?"

Nilikiona. Mkono wangu ulianza kufungua na kufunga vifungo vya koti bila kazi. Kisichoota jikoni hakitaota shambani. Na kijiji kizima kilikuwa kimeweka hicho kuwa mbegu, na magunia ya kugawia vijiji vingine yalikuwa yameshafungwa, yanangoja mkokoteni.

Tukaenda kwa shemeji. Alikuwa anafunga mashine kwa kamba. Dada akamwekea vikapu miguuni.

"Baridi," akasema shemeji. Akaruka kikapu, akaendelea kufunga.

"Vilikuwa jiko moja, baba watoto. Baridi imechagua?"

"Hicho ulikiweka upande wa mlango."

"Nilivigeuza kila asubuhi!"

"Basi maji."

"Maji ya mtungi mmoja!"

Akasimama, akawa anahamisha uzito mguu huu mguu ule, akimwangalia mke wake kama anavyoangalia nati iliyokataa kufunguka. Nilijua anachofikiria. Maisha yake yote alikuwa anangoja siku watu wa mbali waone kitu chake, na hiyo siku ilikuwa imefika, imebaki barabara tu.

Dada hakulia wala hakupiga kelele tena. Alichana kipande cha kanga yake, akafunga humo vifurushi viwili vya ulezi uliolowana. Akamwinulia mumewe shati mbele yangu bila aibu, akamfunga kiunoni. Ubavu wa kulia ule wa mashine, wa kushoto ule wa fimbo.

"Wewe mwili wako una moto kuliko jiko langu, kwa sababu hutulii. Nenda nao. Huko huko utaona mwenyewe. Ila ukifunguafungua, ulezi utakufa wote, nawe utarudi kuniambia ni mimi." Akanigeukia. "Wewe, mkono wake ukienda kiunoni, uupige."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka. Tulitangulia mapema kwa sababu maksai hawana haraka. Bwana Shamba mbele kwa baiskeli, akifukuza kofia. Mimi na shemeji kando ya mkokoteni. Ulikuwa msimu wa baridi, nyasi zimekauka, tambarare yote ya njano hadi macho yanapoishia, na upepo unatupiga ubavu. Shemeji alitembea mbele ya ng'ombe, akarudi nyuma ya mkokoteni, akaenda mbele tena. Nina hakika alitembea safari ile mara mbili. Kila baada ya muda mkono unateleza kiunoni. Naupiga.

"Nakuna tu!"

"Kuna kichwa."

"Shemeji, wewe unaamini nini? Sema ukweli."

"Naamini vikapu."

"Unaona? Umeolewa na dada yako."

"Na wewe umeolewa na magogo. Tembea."

Akaanza tena, mwenyewe kwa mwenyewe. Kama ni meno, kwa nini punje haijapasuka? Angeiona ufa. Kama hakuna ufa, imekufaje? Alichukua punje kwenye gunia, akaitazama juani, akaitupa, akachukua nyingine. Zilikuwa nzima, nzuri, zinang'aa.

Mjini tulifikia kwa ndugu. Vifurushi vilikuwa vimeanza kuvimba, na yeye alikuwa anatembea ameinama kidogo, mkono mbele. Tukapita sokoni. Mama mmoja muuza maharage akamwita, "Baba, shikamoo! Mwezi wa ngapi huo?"

"Marahaba. Nikijifungua nitakuletea mmoja," akajibu, na soko likacheka. Yeye hakucheka. Nilimwona macho yake yanakimbia.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Mahindi, maharage, vinyago, kabichi moja kubwa kama kichwa cha fahali ambayo kila mtu alikwenda kuigusa. Sisi tulipewa kona nzuri, mashine katikati na magunia yamepangwa pembeni, mdomo wazi, ulezi unameta. Mkubwa wa mkoa akafika na msafara wake. Mimi nikapanda pedali, shemeji akalisha masuke, ulezi ukamwagika. Watu wakapiga vigelegele. Mkubwa akachota mkono mzima, akauinua juu watu wote waone.

"Hii ndiyo akili yetu wenyewe, ndugu wananchi! Haikuagizwa!" akasema. Kisha akatangaza kwamba kabla ya kutoa zawadi, wajumbe wa vijiji wapange mstari wachukue mbegu.

Mstari ukaanza papo hapo. Wazee na mifuko yao, kina mama na vikapu. Bwana Shamba akaenda kutafuta kopo la kupimia. Shemeji akanishika mkono, akanivuta nyuma ya kibanda.

"Fungua."

"Dada alisema—"

"Fungua, nakwambia! Wamepanga mstari!"

Nikamfungua. Cha kushoto kilipofunguka, vimkia vyeupe vimejaa, vimeshikana, vinanukia utamu ule wa kimea kipya. Cha kulia kilikuwa matope. Shemeji akachukua punje moja ya kulia, akaitafuna taratibu, akaitema kiganjani. Aliiangalia mpaka nikaona aibu kumtazama.

"Imesuguliwa," akasema. "Kule kung'aa. Ni ngozi tumeitoa. Nimebana mno, chuma kinaipiga mpaka kiini, nje inabaki nzima." Kisha, kwa sauti ndogo, "Na sote tumeipenda."

Nilidhani atanituma mimi kwa Bwana Shamba. Nilidhani ataondoka tu, kwa jinsi nilivyomjua, atatembea mpaka kijijini bila kugeuka. Badala yake alitoka mbio, akapita mstari, akapanda juu ya magunia, akakaa.

Akakaa kabisa. Miguu ameikunja, mikono magotini, vifurushi viwili vimefunguliwa viganjani. Mimi nilisimama pale nimeshika kanga ya dada, mdomo wazi.

Bwana Shamba akarudi na kopo. "Fundi, shuka. Mkubwa anatazama."

"Atazame."

"Watu wanangoja mbegu."

"Hapa hakuna mbegu. Kuna ugali."

"Fundi, usinifanyie hivi."

"Bwana Shamba, wewe kwenu ni ndizi, unachomeka mgomba unaota. Huu ukichomeka hauoti. Angalia."

Mstari ukaanza kuguna. "Anataka auze!" mmoja akapiga kelele. "Wafipa wachoyo hao, uliza mtu yeyote!" Mwingine akajibu, "Na wewe siyo Mfipa?" Watu wakacheka, lakini walikuwa wanasogea, na mtu mmoja akamshika shemeji mguu amvute. Hakusogea. Mtu aliyeshindwa kukaa hata msibani, alikaa pale kama fuawe lake.

Bibi mmoja aliyekuwa mbele kwenye mstari akainama juu ya viganja vyake. Akanusa cha kushoto, akatikisa kichwa kukubali. Akanusa cha kulia, akakunja uso.

"Huu maiti," akasema. Akakunja mfuko wake, akauweka kwapani, akaondoka. Nyuma yake mwanamke mwingine akanusa, akaondoka. Wanawake ndio waliouvunja ule mstari. Wanaume waliendelea kubishana peke yao kwa muda.

Bwana Shamba akavua kofia mwenyewe, mara ya kwanza kumwona anaivua bila upepo. "Ungeniambia jana."

"Jana nilikuwa bado nabishana na mke wangu."

Mkubwa wa mkoa alikuja kujua kuna nini. Bwana Shamba ndiye aliyemweleza, na alimweleza yote, hakujificha nyuma ya mtu. Mkubwa akamtazama shemeji juu ya magunia. "Sasa mashine yako inafaa nini?"

"Leo inafaa kwa mwenye njaa. Mwakani njoo tena."

Zawadi ilikwenda kwa mwenye kabichi. Ilipotangazwa, shemeji alikuwa ameshashuka, yupo chini ya mashine na koleo, anang'oa meno mbele za watu, moja moja, akiyatupa kwenye karai. Hakupiga hata kofi la heshima. Magunia yalikwenda kuliwa na wanafunzi wa bweni, na Bwana Shamba aliyapeleka mwenyewe.

Tuliporudi, kijiji kilikuwa kimeshakasirika bila sisi, maana dada hakungoja. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na vikapu vyake viwili. Waliobaki na masuke kwenye vihenge walikuwa wachache, wale tuliowacheka kwa kukosa zamu. Hao ndio waliotuokoa. Tuliyapura masuke yao kwa fimbo, wanaume tukiwemo, tukigawana mbegu bakuli kwa bakuli, na wanawake waliimba matusi mapya ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwaka uliofuata tulipanda eneo dogo, tukala kwa kujinyima. Lakini tulipanda.

Shemeji aliweka meno ya tairi la lori. Alijaribu ngozi ya ng'ombe, ikalegea. Akajaribu kamba, ikakatika. Tairi likakubali. Ulezi ukatoka na vumbi kidogo, hauna mng'aro. Alipotaka kuipeleka mashine uwanjani, dada alisimama mlangoni.

"Bado."

Akaloweka. Na shemeji akaanza kuzunguka lile jiko, asubuhi mpaka jioni, mpaka njia ikachimbika kwenye udongo, akiuliza kupitia dirishani, "Vipi?" na dada akijibu, "Tembea." Kilipoota, aliletewa kikapu, akakigeuza juu chini kama kigoda, kimea kikashikana hakikudondoka. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaenda kuanza kitu kingine.

Mashine hizo zilisambaa tambarare yote, na waliziiga wengi wasiojua hata jina lake. Yeye na dada wote wametangulia. Mimi bado nazitengeneza, na haitoki hata moja karakanani kabla sijapura nayo kikapu kimoja, mke wangu hajakiloweka, na mimi sijaona kwa macho yangu vile vimkia vyeupe. Wateja wa siku hizi wana haraka. Wananipigia simu, wanakuja na magari, wanasimama mlangoni wakiangalia saa. Nawaambia wakae. Viti sina, lakini magunia yapo.